Miti ya Makaburini: Maisha ya Kijiji Kimoja cha Dowa

Mtu aliyekulia katika vitabu vya shule za zamani huwa na kijiji cha Uingereza kichwani mwake hata kama hajapata kuvuka bahari. Mimi ni mmoja wao. Katika chuo cha ualimu nilikopata cheti changu palikuwa na picha kubwa ukutani, imefifia rangi na pembe yake moja imeliwa na mchwa, ikionyesha kijiji kidogo cha shamba: kanisa la mawe lenye mnara, nyumba chache zilizoezekwa kwa nyasi, uwanja wa majani mabichi katikati, bata katika kidimbwi, na nyua za miti midogo zikigawa konde na konde hadi upeo wa macho. Tuliitumia picha hiyo kujifunza namna ya kuwafundisha watoto maneno ya Kiingereza. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza watu wa kijiji kile walikula nini, wala kwa nini katika makonde yote yale alionekana mkulima mmoja tu.

Swali hilo lilinijia baada ya miaka mingi, nami niko mbali kabisa na Uingereza, katika kijiji kimoja cha Wachewa wilayani Dowa, nchini Malawi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kazi ya serikali ilikuwa imenipeleka Lilongwe, nikapanga nyumba katika mtaa wa Area 18. Mji huo, uliochukua nafasi ya Zomba kuwa mji mkuu mwaka 1975, umeipa mitaa yake namba badala ya majina. Na mgeni akidhani kwamba namba hizo zinafuatana kama milango ya bweni, basi atatembea mpaka viatu vimwishe.

Barazani kwa duka moja karibu na nyumba yangu alikaa fundi cherehani kutoka Uvira, katika Kivu ya Kusini. Askari wetu waliokwenda Kongo kulinda amani tangu mwaka 2013, bega kwa bega na wenzao wa Malawi na wa Afrika Kusini, watakikumbuka Kiswahili cha upande ule: chepesi, cha haraka, chenye sarufi yake chenyewe, nacho hakimwombi radhi mtu wa pwani. Fundi huyu alishona sare za watoto wa shule, na mimi alinishonea mashati. Kwake nilipata pia mahali pa kuzungumza lugha yangu jioni, jambo ambalo mtu hajui thamani yake mpaka alikose.

Mwezi wa Machi 2023 Serikali ya Malawi ilitoa amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili. Sheria ya kuwataka wakae kambini ilikuwapo tangu zamani, ila ilikuwa imelegezwa kwa miaka mingi. Fundi akaifunga cherehani yake kwa kamba, akaenda na mkewe na watoto wanne. Suruali yangu moja, iliyokuwa inangoja kupunguzwa miguu, ilikwenda naye. Kwa hiyo nami, Jumamosi moja, nikaifuata suruali.

Kutoka Area 18 mtu husimama kando ya barabara kuu iendayo Kasungu na kungoja basi dogo. Hupita Kanengo, penye masoko ya mnada wa tumbaku na maghala, kisha mji humwachia nafasi polepole. Ukifika njiapanda ya Dowa unashuka, na mbele yako ardhi inaanza kuinuka. Nchi ya Dowa ni ya miinuko. Upepo wake wa Juni na Julai huuma masikio, na asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande. Mwezi wa Januari kila kitu ni kijani, mahindi yamesimama mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Aprili na Mei nchi hugeuka rangi ya mkate. Oktoba, kabla ya mvua, huwa nyekundu tupu: matuta yamekwisha kutayarishwa, udongo uko wazi, na kando ya barabara wanawake huuza makusu, ambayo wenyeji huyaita masuku, matunda ya rangi ya kahawia yenye utamu wa uji wa asali. Mtu akiniuliza Dowa ni nzuri lini, nitamjibu kwamba ni Mei, saa kumi na moja jioni, moshi wa majiko unapopanda wima na vibanda vya kukaushia tumbaku vinatoa harufu yao nzito, tamu kidogo, ambayo hata sisi tusiovuta tunaipenda.

Dzaleka yenyewe haina uzuri wa namna hiyo. Zamani ilikuwa gereza, na katika utawala wa Dakta Banda walifungwa humo watu wa siasa. Inasemekana kwamba jina lake ni kauli ya mfungwa aliyekoma, yaani, sitarudia tena. Mwaka 1994 ilifanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu elfu kumi au zaidi kidogo, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Nyumba zimebanana kama mbegu katika ganda. Lakini soko lake limechangamka kuliko soko lolote la wilaya ile, na wanakijiji wa jirani huja kuuza mboga, kununua nguo na kutibiwa katika zahanati ya kambi. Ukipita sokoni unasikia Kiswahili kila upande, tena mara nyingi kinatoka kinywani mwa mtoto wa Kichewa aliyezaliwa pale pale.

Nilimkuta fundi kwa cherehani yake. Alinirudishia suruali, akanikaribisha, kisha akanipeleka kijijini kumwona bibi mmoja aliyekuwa amemkodisha kipande cha shamba. Ndivyo nilivyoanza kukijua kijiji ambacho mpaka leo nakiona kila nikifumba macho.

Nyumba zake hazifiki hamsini. Ni za matofali mekundu ya kuchoma, nyingine zina mabati, nyingi zimeezekwa kwa nyasi. Kando ya kila nyumba husimama ghala, linaloitwa nkhokwe, kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kimeinuliwa juu ya miguu ya miti na kufunikwa kofia ya nyasi. Mtu akitaka kujua hali ya mwenye nyumba hana haja ya kuuliza, hutazama nkhokwe. Nimesoma kwamba siku hizi huko Uingereza nyumba ya nyasi ni ya mtu mwenye fedha, maana fundi wa kuezeka ni wa kutafutwa na gharama zake si za kawaida. Nilipomweleza bibi jambo hilo alicheka mpaka akaishika mbavu. Yeye alikuwa anaweka akiba ili aondokane na nyasi.

Katikati ya kijiji upo uwanja, na jina lake ni bwalo. Wasomaji wetu wa makambini watalitambua neno hili, maana kwao bwalo ni mahali pa kulia chakula, pengine na pa kupumzikia. Kwa Wachewa ni uwanja wa watu wote: hapo hupigwa ngoma, hapo huzungumzwa mambo ya misiba, na hapo hukatwa kesi, hata mahakama za serikali kule huitwa kwa neno hilo. Na uwanja wa majani wa kijiji cha Uingereza, ule wenye bata, ni nini kama si bwalo?

Jambo lililonishangaza zaidi ni hali ya wanawake juu ya ardhi. Wachewa wa Kati hufuata ukoo wa mama. Kijana akioa huenda kuishi kwao mkewe, na shamba alilimalo ni la upande wa mke. Bibi yule alikuwa amerithi shamba kwa mama yake, naye atawarithisha binti zake. Wakwe zake wawili wa kiume walikuwa watu wapole mno mbele yake. Mimi, nitokaye mahali ambapo mjane huweza kuambiwa afungashe vyombo vyake siku ya arobaini, nililitafakari sana jambo hilo nikiwa ndani ya basi.

Na kabla sijasahau, kwa ajili ya akina mama wanaosoma ukurasa huu: alinilisha majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Karanga mbichi hutwangwa mpaka ziwe unga mwepesi. Majani huondolewa nyuzi za mashina, hukatwa, huchemshwa kwa maji kidogo pamoja na nyanya na chumvi. Yakilainika humwagiwa unga ule, kisha huachwa juu ya moto mdogo bila kukorogwa ovyo, mpaka karanga zianze kutoa mafuta. Mboga hiyo haitaki mafuta ya dukani. Huliwa kwa ugali, nao huuita nsima, mlaini kuliko wetu, huchotwa kwa mwiko mmoja mmoja na kulazwa sahanini kama viganja.

Sasa niseme juu ya miti. Ukisimama juu ya kilima chochote cha Dowa utaona kwamba nchi imekwisha vuliwa nguo. Imebaki miembe ya nyumbani na mikaratusi michache ya kupandwa. Lakini hapa na pale katika uwazi ule kuna mabaka meusi ya msitu mnene, miti mirefu imeshikana vichwa, nyani na ndege wamo. Mgeni hudhani ni hifadhi ya serikali. Sivyo. Ni makaburi. Wachewa huyaita manda, na mtu hakati mti makaburini, wala haokoti kuni, wala hapiti bila sababu. Wapo watu maalumu, huitwa adzukulu, maana yake wajukuu, ambao ndio wachimbao kaburi na kutunza mahali hapo. Tena karibu na miti hiyo ndipo wachezaji wa Gule Wamkulu, ngoma kuu ya vinyago ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, hufanyia mambo yao ya siri. Ndani yake makaburi mengi hayana alama. Ni udongo ulioinuka kidogo, na majani yameota juu.

Huko Uingereza pia, katika viwanja vya makanisa ya vijijini, husimama miti ya kale iitwayo yew, mingine imezidi miaka elfu moja. Mauti yameilinda miti mahali ambapo sheria imeshindwa.

Oktoba ile ya 2023, siku za joto kali, nilikwenda kuchukua shati. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mtoto wa fundi akaniambia kwamba baba na mama wameitwa kijijini. Nikawafuata. Bwaloni chini ya mwembe wanaume walikuwa wamekaa juu ya magogo na viti, wanawake chini juu ya mikeka wamenyoosha miguu, na katikati, peke yake kama mshitakiwa, mzigo mdogo wa kuni. Vijiti vyake havikuzidi unene wa mkono wa mtoto. Mke wa fundi alikuwa amekutwa akitoka navyo makaburini.

Ndugu msomaji asilione kuwa jambo dogo. Fedha za chakula ambazo Shirika la Chakula Duniani hutoa kambini zimekuwa zikipunguzwa mara kwa mara kwa uhaba wa michango, na familia ile ilitegemea kipande cha shamba la bibi. Matuta yalikuwa tayari, mbegu imenunuliwa, mvua ilikuwa inangojwa kwa majuma machache. Kama kijiji kingeamua kwamba wageni hawa waondoke, mwaka mzima ulikuwa umekwenda.

Mzee wa kijiji aliponiona akauliza kama naweza kutafsiri. Kichewa changu kilikuwa cha kununulia nyanya, lakini nilikubali. Mama yule akasema kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, ambia mzee pole. Miye niliona pori, makaburi sikuyaona." Nikatafsiri, na neno pori nikalitia thengo. Wazee wakanung'unika. Mkubwa wa adzukulu akasimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo alipolala mama yake, wala si thengo. Nikamrudishia mama yule maneno hayo kwa Kiswahili. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mama yake mwenyewe alimwacha Uvira bila kumzika, hajui kama alizikwa, na kwamba angejua asingeingia. Hilo nililitafsiri taratibu, neno kwa neno, na hakuna aliyenung'unika.

Kijana mmoja hata hivyo hakuridhika. Alisema miti ya nchi ile ilikwisha walipokuja wakimbizi, na kambi ifungwe geti. Bibi mwenye shamba akamjibu akiwa amekaa, bila kuinua sauti. Akamwuliza ni nani aliyekuwa akipeleka magunia ya mkaa kwa baiskeli hadi barabara kuu, na magunia hayo yalikuwa yakienda kupikia nani. Watu wakacheka, kijana akakaa. Jibu alilijua kila mtu. Yalikuwa yakienda Lilongwe, Area 18 na Area 25 na kwingineko, ambako hata nyumba zenye umeme zina jiko la mkaa uani. Na tangu kimbunga Ana kilipoharibu bwawa la umeme la Kapichira, Januari 2022, majiko hayo yalizidi kuwaka.

Pale ndipo nilipoikumbuka picha ya chuoni na mkulima wake mmoja. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji kwa pamoja, ekari zipatazo milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England. Zile nyua nzuri za miti midogo tulizokuwa tukiwafundisha watoto majina yake, nyingi zilipandwa kwa sheria hizo. Mwanamke maskini aliyezoea kuokota kuni na kulisha ng'ombe wake mmoja katika ardhi ya wote, siku ya pili alikuwa mwizi. Malawi nayo, katika miaka ya 1970 na 1980, ilikodisha maelfu ya ekari za ardhi ya kimila kwa mashamba makubwa ya tumbaku, hasa Kasungu na Mchinji. Utulivu wa mashambani una historia yake, na mara nyingi ni historia ya watu walioondolewa.

Mzee wa kijiji akakata shauri. Faini ni kuku wawili. Nilitaka kutoa fedha, akakataa. Akasema faini ya makaburi hutoka mkononi mwa aliyekosa. Fundi akasema hana kuku hata mmoja. Basi akapewa muda mpaka mavuno. Mzigo wa kuni ukachukuliwa na adzukulu na kurudishwa ulikotoka, kijiti baada ya kijiti. Kuhusu shamba, mkwe mmoja wa bibi alianza kusema neno, bibi akamkatiza: "Shamba nilipewa na mama." Baadaye, tulipokuwa tunarudi, alinieleza kwa uwazi kwamba huruma alikuwa nayo, lakini pia fedha ya ukodishaji alikuwa amekwisha nunulia mbolea, naye hakuwa na ya kurudisha. Nilimheshimu zaidi kwa maneno hayo ya pili.

Mvua za msimu ule zilikuja kwa kuchelewa, zikakatika mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele. Machi 2024 Rais Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za Malawi. Shamba la fundi lilitoa magunia mawili na nusu mahali palipotazamiwa sita. Nkhokwe nyingi za kijiji zilijaa hadi magotini tu, na mwezi wa Juni, ambao huwa ni mwezi wa harusi na ngoma, ngoma zilipigwa usiku mmoja, zikanyamaza.

Kuku wa kwanza alilipwa mwezi wa Mei, jogoo mwekundu, fundi akimbeba kwapani mwendo mzima na watoto wakimfuata. Wa pili alilipwa Septemba, baada ya kushona sare za shule kwa nusu ya kijiji. Mkubwa wa adzukulu aliwapokea wote wawili bila maneno mengi.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mke wa fundi alikuwa anatoka shambani na mzigo kichwani. Yalikuwa mabua ya mbaazi, makavu, ambayo bibi humruhusu kuyang'oa baada ya kuvuna. Huwaka upesi na kuzimika upesi, mpaka mtu akae jikoni akiyachochea. Njia ya mkato kwenda kambini hupita ukingoni mwa miti ile. Yeye aliiacha, akazunguka kwa juu, kupitia kisimani, robo saa zaidi chini ya jua. Na mimi niliyekuwa na shati langu jipya mkononi nikamfuata njia hiyo hiyo.